Cheni Iliyofungwa Kinyume

Asteria mwanangu,

Nimekwenda Makambako, nitarudi jioni. Ugali nimeufunika, mboga uipashe. Chenso, mashine yetu ya kukatia miti, iko chini ya meza, nimeifuta vumbi. Usiiwashe kabla hujajaza oili ya cheni. Petroli iliyochanganywa iko kwenye dumu jekundu. Ya dumu jeupe haijachanganywa oili, itaua injini.

Ule mti wa mlingoti wa Mama Lenard ~~unisubiri~~ kesho uukate wewe.

Leo asubuhi pale kwake, mashine ilipotoa moshi bila kukata, nilikufokea mbele za watu kwamba umeinoa cheni vibaya. Ukainama, ukaifungua, ukaigeuza cheni, ukasema, "Nisamehe baba, niliifunga kinyume." Wakakucheka. Mimi nikasusa, nikabeba mashine nikaondoka.

Nimefika hapa nyumbani ndipo nimekumbuka. Cheni niliifunga mimi jana, wewe ulikuwa kwaya. Nimejaribu kuyatazama meno yake hapa dirishani, siyaoni. Nimeyapapasa kwa kidole. Siku zote nasingizia ukungu wa huku kwetu. Leo jua lilikuwa linawaka, mwanangu.

Umejua tangu lini?

Naenda kwa daktari wa macho. Kama meno ya cheni siyaoni, ipo siku nitaangusha mti bila kuona wewe umesimama wapi.

Kesho mimi nitashika kamba ya kuvutia mti. Ila kwanza nitawaambia wale waliokucheka ni nani aliifunga ile cheni. Usinizuie.

Baba