Jiko la Dada Wawili

Jumanne

Jina la biashara limekubaliwa: Jiko la Dada Wawili. Nilidhani nitafurahi.

Halafu nikataka kununua anwani ya tovuti kwa jina hilohilo, nikaambiwa ina mwenyewe. Nikawaka. Nani mwingine London hii ana jiko la dada wawili? Binti yangu Salma, na Kiingereza chake, akasema tuifungue kwanza tuone ni ya nani.

Ukurasa mmoja tu. Picha yangu na marehemu dada Rehema jikoni kwake Kilburn, mikono imejaa unga, tunacheka. Chini yake ameandika: "Tunafungua karibuni, inshallah."

Kumbe aliinunua yeye, asiniambie. Rehema hakuwa mtu wa kutangaza jambo kabla halijatimia. Aliogopa kijicho.

Ndivyo alivyouficha na ugonjwa. Nikimwambia amekonda, ananijibu ni kazi za usafi, nami nikaridhika. Nikaridhika kabisa...

Salma anataka tuwaandikie wauzaji wa anwani waihamishie kwangu. Nimemwambia aache kwanza. Nimeshaifungua mara nne tangu tule.

Kijicho cha nani, dada? Changu?