Sidi Amehamia Ganjoni

Jumatatu, 4 Machi 1996

Bi Ndinda wa ofisi ya watoto alinifuata kazini leo, mbele ya bosi wangu, Bwana Taib, na wateja. Nilidhani nimefanya kosa. Siku zote nadhani nimefanya kosa. Akanivuta kando, akasema kwa upole — na ule upole ndio ulionitisha — kwamba Sidi amepata wazazi. Mume na mke, wanakaa Ganjoni. Mume yuko reli, mke ni mwalimu. Wanataka kumuasili.

Wazazi! Sidi alipoletwa kwetu, mama yake alikuwa amemwacha wodini na kitovu hakijakauka. Sasa anapanda ngazi zetu peke yake akihesabu: moja, mbili, nane.

Nikauliza, na sisi? Bi Ndinda akasema sisi ni walezi wa muda, tulijua tangu mwanzo. Kweli tulijua. Nikajibu, “Ndiyo, Bi Ndinda. Asante, Bi Ndinda.”

Asante ya nini?

Jumanne, 5 Machi

Nimemwambia Mama. Hakushtuka. Aliendelea kuchagua mchicha.

“Hawamchukui. Mwambie huyo Bi Ndinda wako, Sidi ni wetu, wazee walishakaa.”

Ndipo nikaelewa. Mwaka jana, nikiwa kazini, Bi Ndinda alipita nyumbani kuuliza kama tungependa kumuasili sisi wenyewe. Mama akamwambia hakuna haja, jambo hilo limekwisha kwetu Kaloleni. Na kwa Mama limekwisha kweli. Wazee walikaa, wakampa mtoto jina la nyanya yangu mzaa baba, wakamvisha ushanga. Aliyepewa jina la ukoo ni wa ukoo. Karatasi ya nini tena? Bi Ndinda akaondoka, akaandika kwamba hatuna nia.

Mama hakuniambia. Aliona si habari.

Na kwa kuwa jina ni la mavyaa wake, mama yake marehemu Baba, Mama humwita Sidi “mayo”, yaani mama. Hamchapi. Hamgombezi. Leo Sidi kaimwagia uji leso yake ya kanisani, na Mama kasema tu, kwa heshima yote: “Haya, mayo. Hata ulipokuwa hai hukunipenda.”

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikaenda jikoni nikalia juu ya sufuria.

Alhamisi, 7 Machi

Bwana Taib ameona. Hakosi kuona. Nilikuwa napiga taipu manifesti ya shehena ya mchele, nikaandika jina la meli mara mbili.

“Dama, mwanangu, yakini wewe waniharibia karatasi kwa machozi. Una nini? Hebu nambia.”

Nikamwambia. Akasema yeye pia alilelewa na shangazi yake, pale pale Kibokoni, na jina la babake halikuguswa. Kwao Waislamu mtoto hulelewa, hapewi ubini wa mtu mwingine. Kisha akanipeleka kwa wakili wake, ghorofa ya juu. Mimi nilitaka kurudi tangu kwenye ngazi.

“Usiogope wenye suti,” akasema. “Nao huamka na tongo machoni.”

Wakili alikuwa mwema, ila ana haraka. Mlezi wa muda hawezi kuzuia mtoto asiasiliwe. Anaweza kuomba asikilizwe, na jaji anaweza kukataa. Mimi mwenyewe siwezi kuomba kumuasili: sheria inataka miaka ishirini na mitano, nami nina ishirini na mitatu. Nikamuuliza — najuta kuuliza — kama jaji anaweza kuningoja. Alicheka. Si kwa ubaya.

“Na mama yako? Mjane anaweza kuomba. Kabla amri haijatolewa, mlango uko wazi.”

Jumamosi, 9 Machi

Mama amekataa.

Nilimweleza polepole, kama ninavyoeleza wateja mambo ya forodha. Kwamba atasimama mbele ya jaji aseme anamtaka Sidi awe mwanawe. Akanitazama kama nimetukana.

“Mimi niseme nimemzaa mavyaa wangu? Mbele ya watu? Dama, umesoma mpaka umepita.”

Nikasema ni maneno ya kisheria tu.

“Hakuna maneno ya tu.”

Sidi alikuwa chini ya meza akikivalisha kijiko kitambaa. Akatoa kichwa, akamwambia Mama, “Wacha kelele.” Mama kanyamaza papo hapo. Ningefanya nini?

Jumamosi, 16 Machi

Wamemchukua leo. Wanakaa naye miezi mitatu kwanza, ndipo kesi isikilizwe.

Si watu wabaya. Ningependa wawe wabaya. Mwalimu Nasipwondi alikuja na viatu vyekundu, vikamtosha Sidi sawasawa. Mumewe alivua kofia mlangoni. Walimwita Joyce. Sidi aligeuka kutafuta Joyce ni nani.

Mwalimu alinishika mkono. Akasema naweza kwenda kumwona Jumapili, wakati wowote, “bora tu tusitiane wasiwasi.” Nikasema asante tena! Mdomo wangu huu.

Nimeosha vyombo. Kikombe chake cha bati nimekiosha kama vingine. Kisha nikakiosha tena.

Jumapili, 31 Machi

Ganjoni baada ya kanisa. Fleti yao ina pazia, feni, kitanda kidogo chenye kingo. Sidi alinirukia shingoni. Akaniuliza, mayo mdogo yuko wapi? Ndivyo anavyomwita Mama. Mwalimu akauliza maana yake, nikamweleza habari ya jina. Uso wake ulibadilika.

“Kwa hiyo mlishampa ukoo. Mtoto ambaye si wenu.”

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekuta alama ya kalamu kwenye shuka mpya.

Nilipoondoka Sidi alilia. Nilimsikia mpaka barabarani. Sikurudi. Nilisimama chini ya ukuta wao kama mwizi, sikurudi.

Jumapili, 14 Aprili

Mwalimu anasema tupunguze. Mara moja kwa mwezi. Baada ya mimi kuondoka, Joyce hali chakula siku mbili. Ananiomba nimwelewe.

Namwelewa. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumatano, 8 Mei

Mvua. Ofisini kumejaa unyevu, karatasi zanata. Kutoka kazini huwa nakata moja kwa moja hadi nyumbani nyuma ya Mwembe Tayari. Leo miguu imenipeleka Ngome, nikakaa kwenye nyasi zilizolowa, pale tulipokuwa tukimleta Sidi kuwatazama wazungu. Aliwaogopa wenye ndevu tu.

Mwanamke alipita na mtoto mgongoni, kisogo kimenyolewa kama cha Sidi. Nikamfuata kidogo. Hatua chache tu. Mungu wangu, nimekuwa mtu wa namna gani?

Natamani uzito. Hilo sikulijua, kwamba mtu anaweza kutamani uzito. Bega langu la kushoto lamtafuta.

Jumatatu, 17 Juni

Kesi ni Alhamisi. Msimamizi aliyeteuliwa na mahakama achunguze hali ya mtoto, Bwana Musyoka, amekwenda Ganjoni mara kadhaa. Kwetu hajafika. Nilimpigia simu kutoka ofisini, Bwana Taib amesimama nyuma yangu nisije nikaikata. Bwana Musyoka akasema kazi yake ni kuangalia huko mtoto anakokwenda. Nikauliza, na anakotoka? Akasema, njoo mahakamani, ukae nje. Jaji akitaka, utaitwa.

Nimeuliza! Mimi! Bwana Taib aliniagizia chai na mahamri, akasema leo nimekuwa mtu mzima, kisha akanilaumu kwa urefu wa simu.

Lakini nikienda, Mwalimu ataona nampinga. Na ile mara moja kwa mwezi itakwisha. Nisipokwenda, nitabaki na mara moja kwa mwezi. Nimeligeuzageuza hili kichwani siku nzima. Kidogo cha hakika, au kukosa chote.

Jumatano, 19 Juni

Jioni Mama alitoka mlangoni na bakuli la maji. Mama, mwenyekiti wa akina mama kanisani! Akainama, akamwaga tambiko taratibu kizingitini, akazungumza Kigiriama kwa sauti ya chini, sauti ya mkamwana mbele ya mavyaa.

“Mayo Sidi, nisamehe. Kesho nitakuita mwanangu mbele ya watu. Si dharau. Nyumba imekuwa kubwa mno.”

Jirani akapita, akauliza mama Dama anaosha ngazi jioni hii? “Naosha,” Mama akajibu.

Kisha akaniuliza kama jaji ni mtu wa kuamkiwa shikamoo.

Alhamisi, 20 Juni

Benchi la mahakamani. Naandika ili mikono ikae mahali pamoja.

Wakili ameingia na ombi la Mama, alilolitia sahihi asubuhi hii. Alishatuonya: limechelewa sana, jaji anaweza kulitupa bila kulisoma. Bi Ndinda yumo ndani. Mwalimu Nasipwondi na mumewe wamo ndani, na Sidi. Alipita hapa mkononi mwa huyo mume. Amenenepa. Hakutuona.

Sasa analia. Anaanza kidogo kidogo, kama kawaida yake, kisha yote. Namjua — ni chumba, ni sauti za wanaume. Mama amekaa wima, macho mlangoni. Ananong’ona, “Mwache alie. Mwache jaji asikie.”

*

Mwalimu alitoka naye mbio. Jasho usoni, blauzi imevutwa. Alinitazama mimi, si Mama. “Dada, tafadhali. Jaji hasikii kitu.” Akanipa.

Nilijua. Akinyamaza, atarudishwa ndani ametulia, na wataonekana familia. Akiendelea kulia, jaji ataona. Mama alitikisa kichwa: usifanye.

Alikuwa akitetemeka mwili mzima. Nikamweka begani. Nikampigapiga mgongoni, nikahesabu ngazi zetu sikioni mwake. Alinyamaza kabla ya kufika juu.

Mwalimu alimpokea, akaingia. Mlango umefungwa. Hakuna kilio. Mama hanisemeshi. Begani kwangu pamelowa mate.

*

Karani wa mahakama amefungua mlango. Si Mama anayemtafuta. Anasema jaji anataka kumwona aliyemnyamazisha mtoto.

Nimeuliza, mimi? Mama ameshanisukuma mgongoni kwa kiganja. “Enda, nami nyuma yako.” Wote ndani wamegeuka, na Sidi ananinyooshea mikono.