Duka Linalouliza Tunalala Wapi

S.L.P. 1147,
Mamboleo, Kisumu.
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa ndugu yangu Okinyi,

Oyawore, wuod minwa, mwana wa mama yangu. Hujambo huko Poland? Kile kikohozi kimeisha, au baridi bado inakusumbua hata mwezi huu wa sita? Sisi ni wazima. Mvua imetunyeshea mpaka Mamboleo yote ni matope, na mguu wangu umeacha kuuma. Mungu ni mwema.

Mazuri yameisha hapo. Nimekuandikia kwa karatasi makusudi, kwa sababu nina hasira, na kwenye simu ungeniambia "niko sawa" na kukata kabla sijamaliza.

Ni lile duka la gemu, Gemulandi. Yawa! Watu wale watanipasua kichwa. Wamefunga akaunti yangu, kwa hivyo ile gemu yetu ya shamba siwezi kuifungua. Halafu wananiandikia bila aibu kwamba tarehe thelathini watafuta boma letu lote: nyumba, zizi, bustani ya sukuma, hata ile simba, nyumba ya kijana asiyeoa, uliyojijengea karibu na lango kama kijana mwenye adabu. Miaka mitatu ya Jumapili zetu baada ya kanisa, wewe kwenye kompyuta yako na mimi kwenye yangu hapa saiba, dukani kwangu kwa intaneti.

Wanadhani ni mchezo. Mimi najua ni nini. Wewe hujawahi kuniambia neno la maana kwa simu tangu uondoke. Lakini ukiwa unachimba shimo la nguzo kwenye ile gemu, mdomo unafunguka wenyewe. Ni pale nilipojua kwamba umeacha kazi ya ghala, huku tukiezeka paa. Ni pale uliponiambia unalia usiku. Sasa ni wiki sita sijakusikia, nasoma tu "niko sawa", "niko sawa".

Kosa langu ni nini? Ati familia. Ulipoenda, duka liliniruhusu kuingiza familia yangu kwenye akaunti. Nikaingiza familia! Wewe, Shangazi Rosa wa Muhoroni, binamu yetu Gordon wa Obunga na wengine unaowajua, watu kumi na mmoja. Walikaa kimya miaka mitatu. Mwezi wa nne wakaamka na sheria mpya kwamba familia ni watu wanaolala chini ya paa moja, wakamtumia kila mtu swali: je, unaishi nyumba moja na mwenye akaunti? Ndiyo au hapana.

Shangazi Rosa hajawahi kuicheza hiyo gemu hata siku moja, nilimweka kwa heshima tu. Alibonyeza ndiyo akiwa kwenye foleni ya zahanati, akarudisha simu kwenye kikapu. Gordon, ndiyo. Wote, ndiyo. Nani atawakana watu wake kwa sababu duka limeuliza? Kisha likaja jibu lako. Hapana. Wakafunga akaunti.

Nitakufikia. Ngoja kwanza nimalizane na hao.

Nimelalamika mara sita. Kila mara najibiwa na mashine inayojiita Toni, ati inafurahi sana kusikia kutoka kwangu. Inafurahia nini, kwani mimi nimeleta mahari? Mara ya sita wakanifungulia kisanduku, nieleze uhusiano wetu kwa maneno yasiyozidi ishirini. Nikaandika: "Mama alipofariki, yeye alikuwa na miaka minne. Nilimlea mimi. Nilimwogesha, nikampeleka shule. Mnataka nini tena, barua ya chifu?" Toni akanishukuru kwa maoni yangu.

Na usidhani maduka yote ni hivyo. Gordon ananunua kwa Tufani na ananicheka mpaka machozi. Tufani hawaulizi mtu analala wapi. Gemu ikikuchosha ndani ya wiki mbili unairudisha, hakuna maneno. Ukiandika, anakujibu binadamu, na ukijenga kitu kinabaki kwenye kompyuta yako mwenyewe. Gemulandi wameweka boma letu kwao kama vile walisaidia kubeba hata tofali moja! Mimi mwenye saiba, ninayewafungulia watu akaunti za kila aina kutwa nzima, nilivutwa na picha nzuri za Gemulandi kama mtoto. Hilo nalikubali, na linaniuma.

Haya, wewe sasa. Wiki nzima nilikasirika nawe. Nilisema peke yangu, mkataa kwao ni mtumwa, nikapiga meza mpaka mteja akaacha kuchapisha. Baadaye nikatulia. Wewe na uongo hamjawahi kujuana tangu utoto. Wamekuuliza swali la kipumbavu, ukajibu ukweli. Lakini sema haki ya Mungu, ulipobonyeza haikukuuma? Maana mimi iliniuma.

Sijakwambia jambo moja. Jana walinitumia suluhisho. Kuna kitufe chekundu chenye jina lako: ondoa mwanafamilia. Nikikibonyeza, akaunti inafunguka papo hapo na boma lote linarudi. Gordon akaniambia, "Sista, bonyeza tu, hiyo ni kompyuta, Okinyi hatajua." Nilimfukuza saibani na soda yake mkononi.

Shangazi Rosa anakusalimu na kukuombea. Gordon pia anakusalimu, ingawa hatuongei mpaka Jumatano. Nisalimie Valarie wa Kakamega mnayesali naye huko. Mungu akulinde kazini na njiani, akupe usingizi usio na machozi.

Kile kitufe sitakibonyeza, Okinyi. Wafute nyumba, wafute ng'ombe, wafute kila kitu, lakini mimi mwenyewe sitakutoa. Kila Jumapili saa nane nitakupigia. Weka simu kwenye spika, chukua viazi na kisu uanze kumenya, kama tulivyokuwa tukichimba mashimo ya nguzo, halafu uniambie habari zako.

Ni mimi dada yako ninayekupenda,
Lorine