Mbao ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeshinda kwa muuza mbao. Mimi na mdogo wangu tunamwita Kidole, maana kila ubao anaugonga kwa kidole na kusema, sikia hiyo. Sijawahi kusikia kitu.

Tunatafuta mbao ya uti wa bawa — ule mhimili mrefu unaobeba bawa zima. Ndege ni ya mdogo wangu, ya watu wawili, tunaiunda bandani nyuma ya nyumba yake. Rubani yeye. Seremala mimi. Bawa likikatika angani, anayekufa ni yeye na aliyeua ni mimi. Ndiyo maana simwamini mtu.

Tumepindua rundo zima la msonobari. Huu una fundo. Huu nyuzi zimekwenda kombo. Huu ulikaushwa haraka. Mwisho nikapata mmoja, nikadondosha wino juu yake, wino ukakimbia sambamba na ukingo bila kukata kona. Nikautia alama kwa chaki ya buluu. Kidole akasema atauleta mwenyewe. Kwa nini mwenyewe? Siku zote anamtuma dereva.

Ijumaa, 7 Machi

Mbao imefika, alama ipo. Lakini chaki ya buluu ninayo mimi peke yangu duniani?

Nimechana kijiti kutoka mwisho wake. Bandani kuna unyevu, kwa hiyo kitakaa jikoni kwa wifi, mke wa mdogo wangu, juu ya kabati, kizoee hewa kavu. Baada ya wiki nakibana kwenye jiliwa na kukivunja. Kijiti kisipofaulu, mbao haigusi bawa, hata iwe nzuri kama malaika.

Wifi kasema kabati lake limegeuka ghala la kuni. Alikuwa na keki za watu, oveni inawaka tangu asubuhi. Alicheka. Kicheko kirefu kuliko utani wenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Tak. Kimevunjika kama biskuti. Mbao isiyo na ila hulia kwanza, halafu inachanika nyuzi ndefu kama ndevu. Hiki hakikulia. Mvunjiko umenyooka utadhani kisu.

Nikamfuata Kidole na vipande mkononi. Umenibadilishia. Akaapa kwa watoto wake, kisha kwa watoto wa kaka yake. Mtu akifika kwenye watoto wa wenzake mimi naangalia mikono. Ilikuwa imetulia. Hilo nalo halikunipendeza.

Mbao ya pili nimechagua mwenyewe, nikapanda nayo nyuma ya pikapu na kuikalia njia nzima. Anibadilishie sasa, tuone.

Jumamosi, 22 Machi

Kijiti cha mbao ya pili kimevunjika vilevile.

Niliikalia! Sasa nani? Kidole kaja mpaka bandani, kaokota vipande, kanusa, kanitazama kama anayemtazama mgonjwa. Eti labda nabana jiliwa kupita kiasi. Nimebana majiliwa tangu yeye hajaota ndevu.

Mdogo wangu akangoja Kidole aondoke. "Dada, niambie ukweli. Wewe hutaki niruke."

Nikamwambia asirudie neno hilo. Karudia. Wifi alikuwa mlangoni na trei, akageuka akarudi jikoni bila kutupa chai. Tumegombana kama zamani, tulipokuwa tunalala chumba kimoja. Imeniuma. Bado inauma ninapoandika.

Jumatatu, 24 Machi

Mbao ya tatu wameichagua wao, yeye na Kidole. Mimi nilikuwa na kabati la mteja, na kusema kweli hakuna aliyeniita. Wamerudi wanacheka. Wanacheka nini? Nimeiangalia kwa taa niliyoilaza ubavuni mwake, nimeifuta kwa kitambaa kibichi. Mti ukianguka vibaya siku ya kukatwa, ndani yake hubaki mikunjo inayokata nyuzi, myembamba kama unywele, na randa ikipita inaifuta machoni. Sikuona kitu. Kutoona si kwamba hakipo.

Kijiti juu ya kabati.

Jumatatu, 31 Machi

Tak.

Nikachukua kopo langu la maziwa, ndimo ninamotia vijiti vyote vilivyovunjika, nikatumbukiza na hiki. Nikakaa nalo mapajani. Nikalifungua tena, sijui kwa nini. Harufu ikanipanda puani.

Vanila.

Msonobari unanuka utomvu. Una biashara gani na vanila?

Nikaenda jikoni na kopo. Wifi akaliona, akazima oveni, na keki ndani haijaumuka. Hapo nikajua. Akakaa kwenye kiti kidogo cha kumenyea viazi. Ndiyo, wifi, akasema. Ukienda kazini navitia ovenini, wewe hujarudi navirudisha. Mbao ikichomwa inakuwa kama mkate mkavu, si ulituambia mwenyewe mezani? Nilidhani mtachoka muache. Ninyi mnaona bawa, mimi naona jeneza.

Akalia. Nikamshika bega. Nikamwambia sitasema, lakini aache.

Jumanne, 1 Aprili

Nimemwambia mdogo wangu ni joto. Kabati liko juu ya oveni, vijiti vimebabuka, mbao hazina kosa. Ni ukweli, nimemwondoa aliyefanya tu.

Amenikumbatia hadi miguu ikaacha sakafu. Kasema ya tatu ndiyo ndefu kuliko zote, tuanze na bawa la kushoto kwa hiyo. Ile ya pili itatosha la kulia. Kidole kapigiwa simu na kuombwa radhi kwa niaba yangu. Sijamtuma mtu aniombee radhi.

Jumamosi, 5 Aprili

Tumepiga randa siku nzima. Mabanzi yanatoka marefu, yanajikunja, banda linanuka vizuri. Mdogo wangu anapiga mluzi. Kwa mara ya kwanza sikumchunguza mtu, wala sikuchana kijiti kingine.

Jumapili, 13 Aprili

Uti wa bawa la kushoto umenyooka, mbavu zote zimegundishwa, vyuma vya kushikia bawa vimefungwa. Ncha ya mbao iliyobaki tumeikata vipande vya pembeni, vyote vimeingia kwenye gundi. Tumepaka vanishi. Hakuna hata kibanzi cha kuvunja. Jumamosi tunavisha kitambaa, na kitambaa kikishavutwa uti hauonekani tena.

Jumatano, 16 Aprili

Wifi kanifuata karakanani kwangu. Hajawahi kufika. Kasimama kati ya vitanda vya wateja, mkoba kaukumbatia.

"Wifi, ni ipi mliyoweka?"

Ya tatu, nikamwambia.

Akakaa kwenye kitanda ambacho hakijapakwa rangi. Ya tatu sikuigusa, akasema. Niliunguza viwili tu, cha tatu kimevunjika chenyewe. Siku ile mlipogombana kwa ajili yangu nilishindwa, nikaacha.

Mimi, ninayemuuliza kila mtu kila kitu, siku ile jikoni sikumuuliza vingapi.

Halafu nikamtazama vizuri. Kwa nini aniambie leo, siku chache kabla ya kitambaa? Akishindwa kwa oveni, si atajaribu kwa mdomo? Nikamwambia aape. Akasema haapi, yeye si Kidole.

Nimefungua kopo. Vyote vinanuka vanila, maana vyote vililala humo pamoja. Wala sikuviandika namba, nilijua vimeshakufa, namba za nini. Kimoja ni cheupe kidogo. Au ni mwanga wa dirisha. Nimevipeleka uani, nimevirudisha ndani. Cheupe kidogo.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimejaribu kwa mdogo wangu. Vipi tukichana kijiti kidogo kwenye uti, kwa usalama tu? Akaweka brashi chini taratibu. Kukata uti uliokwisha fungwa ni kuua bawa zima, dada, unajua. Na joto je? Si ulisema mwenyewe ni joto?

Nilisema mwenyewe.

Nikimwambia ya wifi, ndoa yao inaingia ufa, na bado atasema hayo ya mbao ya tatu ni ujanja wake mwingine. Huenda ni kweli. Nakula nao meza moja. Nimemwangalia wifi akimpakulia mumewe. Mkono hautetemeki.

Jumamosi, 19 Aprili

Kidole kaja kusaidia. Kitambaa kimetandazwa, gundi imekorogwa, haitangoja. Mdogo wangu kavaa shati jipya, eti ni siku ya kumvisha bibi harusi. Kamwambia wifi, wewe ndiye abiria wangu wa kwanza, usiku wa kuamkia siku hiyo hakuna kulala. Wifi akasema haya.

Haya, tu. Kashika pembe moja ya kitambaa. Kama aliniambia uongo, angekuwa analia sasa, anazuia, anatafuta lingine. Kama aliniambia kweli, anawezaje kushika? Kisha nikaona hatazami bawa. Ananitazama mimi. Kanikabidhi. Yeye kashafanya lake, limebaki langu.

Nimesema nafuata mkasi. Niko stoo, naandika juu ya kreti kwa penseli ya kazi. Mdogo wangu anaita, dada, gundi inaganda. Nimemjibu nakuja.

Mkasi ninao mfukoni tangu asubuhi. Nilichofuata huku ni msumeno.