Blanketi la Injini ya Erchim

Kijiji cha Tiit-Kuel,
Yakutia.
2 Novemba

Mpendwa Wifi Varvara,

Shikamoo, wifi yangu. U hali gani huko kwenye joto, na mgongo umepata nafuu? Gavril na watoto hawajambo? Sisi tunapumua. Mama Ogdo anakula vizuri, ila jicho lake la kulia limeshafunga kabisa, na la kushoto linamwonyesha vivuli tu. Aytalina ana meno manne sasa na anamng'ata bibi yake kila akipata nafasi.

Baridi imeshafika thelathini na nne chini ya sifuri. Mto umeganda, lakini barafu bado haijaweza kubeba magari.

Barua yako niliipata. Ulisema gari la marehemu Erchim liuzwe kama chuma chakavu, na kwamba mtu wa ukoo wenu asilipande tena. Nisamehe, wifi. Sijaliuza. Nimekuwa nikiliandaa kwa baridi.

Sababu ni Mama. Daktari wa macho huko mjini amempangia kupasuliwa tarehe kumi na mbili Januari. Akiikosa siku hiyo, atasubiri mwaka mzima, na jicho halitasubiri. Magari ya abiria hayapiti kijijini kwetu, unajua. Nitampeleka mwenyewe.

Nimefanya kila kitu kama nilivyomwona mume wangu akifanya. Nimebandika kioo cha pili juu ya kila dirisha ili lisishike barafu. Nimemwaga oili nzito, nikatia ile nyepesi. Mipira yote iliyokauka nimeitoa, maana baridi ikifika hamsini mpira unavunjika kama kikombe. Betri naibeba ndani kila jioni kama mtoto wa pili. Mama anakaa mlangoni ananitania: "We Kunnei, shika spana vizuri, hiyo si mwiko wa uji!" Haoni, lakini anasikia nikikosea.

Likabaki blanketi la injini tu, lile zito la kuifunika isigande njiani. Hapo mkono ukawa mzito, na hata sasa ninapoandika ni mzito.

Uliandika kwamba Erchim alikuwa mzembe tangu utotoni, na uzembe ndio uliomuua, kwa kutoka Januari na injini iko uchi. Barua hiyo nilimsomea Mama, lakini mahali hapo niliparuka. Wifi, kuna jambo sijakuambia tangu msiba.

Wiki ile bomba la kupasha nyumba joto lilipasuka, kijiji kizima kikabaki bila joto. Aytalina alikuwa na siku arobaini. Erchim alilitoa blanketi kwenye injini akaligongomea dirishani, juu ya kitanda cha mtoto. Nikamuuliza, "Na gari je?" Akasema, "Gari lina moto wake tumboni. Huyu hana."

Siku ya tatu bomba lilitengenezwa. Asubuhi iliyofuata alikuwa anakwenda wilayani kuchukua dawa za zahanati. Alishika koleo ang'oe misumari. Mimi ndiye niliyemwambia, "Liache bwana, ndio kwanza amelala, utamwamsha." Akacheka. Akaweka kipande cha boksi mbele ya rejeta kuzuia upepo, akaenda. Baridi ilikuwa hamsini na sita chini ya sifuri. Mafuta yaliganda, gari likamzimikia katikati ya njia, mahali ambapo hakuna nyumba.

Hakuwa mzembe, Varvara. Alinisikiliza mimi.

Juzi nilimwambia Mama yote haya, na kwamba lile blanketi bado liko dirishani, siwezi kuling'oa. Aliinuka akapapasa kitanda chake, akavuta lile godoro la sufu alilolishona mwenyewe alipoolewa. Akanitupia. "Kata."

"Mama, wewe utalalia nini?"

"Nina nyama ya kutosha huku chini. Kata, na ushone mara mbili pembeni. Mwanangu alikuwa anashona mara mbili."

Tulishona pamoja, yeye akipima kwa vidole, mimi nikilia, yeye akinikemea nisiloweshe sufu. Blanketi sasa liko juu ya injini. Leo asubuhi nimeliwasha gari, likakohoa, likakubali. Mama alisimama uani ameweka kiganja juu ya boneti, hakutaka kurudi ndani ya nyumba.

Sikuombi ruhusa ya safari. Mama ameshaitoa, na naamini tutafika na ataona. Ninaloomba ni hili: nichukie mimi kadiri utakavyotaka, hata mwaka, hata maisha. Ila ndugu yako usimwite mzembe tena. Aytalina atakua, atauliza baba yake alikuwaje, na shangazi yake ni wewe peke yako.

Msalimie sana Gavril, na Liza na Petya wabusu mashavuni kwa ajili yetu. Mama anasema upake mgongo mafuta ya farasi. Mungu awaweke katika joto, ninyi na wote mnaowapenda.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kuogopa jibu lako,

Kunnei