Vigae Vilivyolia Tupu

Mjukuu wangu Upendo,

Marahaba, mama. Huku Akheri tu wazima, na ng'ombe amezaa jike. Anayeandika ni mama yako. Nimemkataza kupamba maneno yangu. Barua yako ilinitia hofu, nikadhani unaumwa. Kumbe ni vigae vinne ulivyobandika, vimelia tupu ulipovigonga kwa kuwa saruji haikushika chini, na unauliza umwambie mwenye nyumba au unyamaze, maana kochi litavifunika. Afadhali! Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Sasa sikiliza. Usichanani nilikuwa kibarua wa ujenzi Kijenge. Sakafu moja niliipiga niru mwenyewe, ule uji wa saruji wa kulainishia, ikateleza na kung'aa kama kioo. Baadaye tajiri mwenye jengo akataka vigae. Fundi akanipa patasi: "Ichubue yote, saruji ipate pa kushika." Nikachubua, ila kona ya dirishani nikaiacha. Niliionea huruma, ilikuwa nzuri mno.

Fundi alipogonga vigae vya kona ile, vikalia kama debe tupu. Akaanza kujilaumu, eti mkono wake umezeeka. Nilijua nikisema nitafukuzwa, lakini sikuweza kumwacha ajitukane.

"Ni mimi. Niliacha niru."

Akanitazama. "Wewe binti, mjinga kweli! Haya, vitoe kabla saruji haijakauka, halafu uchubue."

Nilichubua ile niru yangu nikiimba, jinsi moyo ulivyokuwa mwepesi.

Mwambie mwenye nyumba leo, kisha ving'oe. Vikitoka vizima, nipigie simu tufurahi. Vikivunjika, nipigie vilevile.

Bibi yako anayekupenda mpaka anakugombeza