Alichosema Sefita

Kolovai, Tonga
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu Semisi,

Pokea salamu zetu sote wa nyumbani. Natumaini mgongo umepata nafuu, na kwamba baridi ya Australia haijakumaliza kwenye hayo mashamba ya matufaha. Sisi wazima. Viazi vikuu vimekubali, na yule nguruwe wako mweusi amezaa.

Umeniuliza tena mwanao alisema nini kabla ya kukata roho. Mchungaji ameshanishauri nikuandikie maneno mazuri, ati alikutaja na kukubariki, yaishe. Nimekataa. Maneno hayo sina.

Nilikuwepo, ndiyo. Sefita alinishika mkono akazungumza kwa muda mrefu, sauti iko wazi kabisa. Nakumbuka midomo ikitembea. Nakumbuka nilivyouma meno na kukaza shingo ili chozi lisitoke. Alichosema kilipita chote. Nilipomweleza Lupe, yule muuguzi binti wa jirani, hakushangaa. Alisema mtu akihangaika kuulinda uso wake asilie, akili huishia hukohuko usoni, na yanayosemwa hayapati pa kukaa. Anayelia analia, lakini bado anasikia.

Kalolaine mkeo alilia. Anakumbuka kila kitu cha siku ile: ndoo ya buluu mlangoni, wimbo uliokuwa redioni, hata kandambili za daktari. Kasoro maneno ya mwanawe, maana alikuwa ameshatolewa nje. Juzi tukimenya viazi alinigeukia akasema, "Wifi, ulikaa pale kama picha ya ukutani. Picha nayo ina masikio?" Nikachukua kiazi kingine nikamenya. Inaniuma, Semisi.

Anadhani nilimfukuza kwa kiburi cha shangazi mkubwa. Sijamwambia kwamba simu ilikuwa sikioni mwangu, na wewe ndiye uliyekuwa ukiamuru: "Dada, mtoe huyo nje, makelele yake yanatutia aibu. We ni fahu wa mtoto, kaa kama fahu. Usilie!" Nikakata simu, nikamshika mkeo mkono, nikamtoa, nikafunga mlango. Ndipo Sefita akaanza kusema.

Shangazi aliye fahu, mwenye heshima kuliko wote msibani, hukaa kichwani pa maiti, ndugu yangu, mikeka imeshatandikwa, watu wakimletea heshima zake. Wanaolia wako nyuma na jikoni. Mwanao alikuwa hai bado, nami nikamkalia kichwani kama tuliyekwisha kumzika, kwa sababu ulisema. Angekuwepo mama yake, leo ungekuwa na maneno yote, mpaka vituo vyake.

Basi usiniulize tena. Kati ya yote yaliyosemwa siku ile, niliyoyashika ni ya kwako tu.

Wasalimie wenzako wa shambani. Kalolaine naye anakusalimu sana. Bado hajui.

Dada yako,
Siutiti